Mkebe wa Biskuti Unarudi Dutwa

Kondakta alitaka mkebe uende kwenye buti, pamoja na magunia ya dagaa na jenereta ya mtu wa Magu. Nikakataa. Akaniuliza kama nimebeba dhahabu. Nikamwambia ni picha za marehemu, naye akaniacha bila neno la ziada. Mama wa makamo niliyeketi naye akavuta kitenge chake na kusogea kidogo upande wa dirisha.

Ndivyo nilivyotoka Mwanza asubuhi moja ya Juni, mkebe wa biskuti magotini, kamba ya katani imeuzunguka mara mbili. Ndani mlikuwa na picha 23, daftari moja lenye jalada gumu, stakabadhi za kodi na barua chache. Vyote vilikuwa vya babu yangu mzaa mama, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba huko Dutwa, wilaya ya Bariadi. Mama alihama na mkebe huo alipoolewa Morogoro. Miaka yote ya utoto wangu ulikaa juu ya kabati, na sisi watoto tulikatazwa kuugusa. Mama alipofariki ukawa wangu, pamoja na swali la kila anayerithi makaratasi: uyafanyie nini?

Jibu langu la kwanza lilikuwa Bujora, na nilikuwa nimetoka huko siku mbili tu kabla. Makumbusho ya Wasukuma yako kilimani, juu ya Kisesa, si mbali na jiji la Mwanza. Kituo hicho kilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, pamoja na Wasukuma waliokuwa wakikusanya mila na nyimbo zao. Kanisa lake ni la duara kama msonge. Jengo la vitu vya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kuna nyumba ya wahunzi, nyumba ya mganga, na vifaa vya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo hadi leo hushindana kila baada ya mavuno. Utemi ulipofutwa mwaka 1963, ngoma na viti vya enzi vilikosa kazi serikalini, na mahali kama Bujora pakawa kimbilio.

Nilidhani nitaukabidhi mkebe, nitashukuriwa, nitaondoka. Kijana aliyenipokea alinawa mikono, akazipanga picha moja moja juu ya kitambaa cheupe, kisha akaanza kuuliza. Huyu ni nani? Hapa ni wapi? Nani alipiga? Kwenye picha ya tano yuko bikizee amekaa kwenye kigoda, kaniki begani, ndodi za waya zimejaa mkono hadi karibu na kiwiko. Nyuma ya picha babu ameandika kwa penseli: Mama, 1957.

"Huyu ni mama yake babu," nikasema kwa kujiamini.

Kijana aligeuza picha, akasoma, akaitazama tena. "Una uhakika ni mama yake?"

Swali hilo liliniudhi. Mtu anaandika Mama nyuma ya picha kwa mkono wake mwenyewe, halafu unaniuliza uhakika! Yeye akatabasamu tu, akafunga kitambaa. Kama kuna mzee aliyebaki huko kwetu, akasema, ni vizuri nianze kwake, halafu nirudi. Picha haikimbii.

Mzee aliyebaki ni mmoja: mdogo wake babu, wa kike, bibi mwenye miaka kama tisini. Ndiyo maana basi lilikuwa linanipeleka Simiyu badala ya kunirudisha Morogoro.

Karibu na Magu barabara inavuka Mto Simiyu, uliotoa jina la mkoa. Henry Morton Stanley alipita kando ya mto huu mwaka 1875 na kuuhesabu kuwa kijito cha kusini kabisa cha Nile. Ukivuka unaingia mashamba ya pamba ya Busega, na upande wa kushoto Ziwa Victoria linajitokeza na kupotea. Nassa, ambako wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo mwishoni mwa karne ya 19, tulipita bila kusimama. Barua walizokuwa wakiandika kwa wakubwa wao huko Uingereza zimo katika nyaraka za CMS, chuo kikuu cha Birmingham. Mtu wa Nassa anayetaka kujua nani alibatizwa kwao mwanzo kabisa anaweza kulazimika kuomba viza.

Hilo ni jambo la kawaida huku kuliko tunavyopenda kukiri. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, aliandika sheria na mila za Wasukuma, na alinakili hata michoro ya ukutani ya Bayeye, wale wacheza nyoka. Karatasi zake ziko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hizo angalau ziko nchini, na huzifikii kwa viza bali kwa nauli ya basi la usiku kucha. Mapadre wa Maryknoll, walioingia huku katika miaka ya 1950 wakati jimbo la Shinyanga bado likiitwa jimbo la Maswa, wana hifadhi ya nyaraka katika jimbo la New York. Silaumu. Walioweka waliweka, na bila wao tusingekuwa hata na hayo. Ila zote hizo ni kumbukumbu za mtu aliyekuja kututazama. Daftari la karani wa pamba ni kitu kingine.

Mwenzangu wa kiti aliniuliza naenda wapi hasa. Nikamwambia Bariadi. Akacheka. "Usije ukalala Gamboshi."

Ningeshangaa kama asingelisema. Kila Mtanzania aliyesikia jina la Bariadi amesikia pia la Gamboshi, kijiji kinachosemwa kuwa makao makuu ya wachawi wa nchi nzima, ambako usiku huonekana mji wa taa na maghorofa na asubuhi huoni kitu. Nimesimuliwa kisa hicho Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam, na watu ambao hawajavuka hata Nzega. Sijawahi kukutana na mtu wa mbali anayejua kwamba kabla ya Bariadi palikuwa na Ntuzu, utemi wenye ikulu yake. Na hilo neno ikulu, ambalo tunalitumia kila siku kwenye taarifa ya habari, Kiswahili kimelichukua huku, kwa Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi.

Lamadi tulishuka kunyoosha miguu. Ni njia panda yenye kelele: Musoma mbele, Serengeti mlangoni, Bariadi kulia. Nikanunua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nikaitafuna kavu kama watoto wanavyofanya, jambo ambalo meno yangu hayakulipenda. Kutoka hapo ni lami ya kilomita 70 na ushei. Malori ya pamba yalitupita yamejaa mpaka juu, na nyuzi nyeupe zilizopeperuka zilikuwa zimenasa kwenye miiba kando ya barabara.

Tulipita Dutwa bila mimi kushuka. Nilikuwa nimekusudia kufika kwanza Bariadi mjini nitoe nakala za kila kitu, ili huko kijijini watu washike nakala na asili zibaki mkebeni.

Bariadi ni makao makuu ya mkoa tangu Simiyu ilipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na ina haraka ya mji ulioambiwa juzi kwamba umekua. Historia hiyo ya kumegwa ina matokeo yake kwa mtu anayetafuta makaratasi. Ukiwa kwenye nyaraka za taifa ukatafuta "Simiyu" ya zamani hutapata kitu. Ya wakati wa ukoloni lazima uyatafute chini ya wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa; ya baada ya 1963 chini ya mkoa wa Shinyanga. Babu yangu aliishi nyumba moja karibu maisha yake yote, lakini kwenye mafaili amehamahama kama mchungaji. Na mafaili yenyewe yalihama kweli. Nilionyeshwa mjini stoo ya ofisi moja, ambayo sitaitaja, ambako mabunda ya miaka ya 1960 yalikuwa sakafuni, mchwa wameshachora njia zao za udongo juu yake. Nilipoinua faili moja, jalada lilikuja mkononi na kilichokuwa ndani kikabaki chini kama majani ya chai.

Kazi ya nakala niliifanyia kwenye steshenari karibu na stendi. Kijana wa pale alikuwa mwepesi na mwenye nia njema, na nia njema ndiyo iliyonipa presha. Nilimwomba askani kwa nukta 600 kwa inchi, rangi kamili, hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, ili hata doa la chai lionekane. Nilipotoka kupokea simu nikarudi, nikamkuta amemaliza ya bikizee. Alikuwa ameisafisha. Mipasuko yote ilikuwa imetoweka, uso umeng'arishwa, kaniki imepakwa rangi ya buluu, na ndodi mkononi zimekuwa kitu kimoja kinachometa kama saa ya dhahabu.

"Imetoka bomba, au siyo?"

Nilimweleza kwamba kaniki ni nyeusi, au buluu iliyoiva mpaka ikawa nyeusi, na kwamba zile ndodi ni waya, unaweza kuzihesabu. Akavuta ile ya asili kwenye kioo, tukazihesabu pamoja. Tulifika 31 kabla ya kivuli kuzimeza. Baada ya hapo hakusafisha tena chochote, na picha iliyofuata aliishika kwa ncha za vidole bila kuambiwa. Kisha umeme ukakatika, tukakaa nje saa mbili tukila karanga.

Siku ya pili nikarudi Dutwa kwa bodaboda. Mjomba, mtoto wa bibi, alinisubiri barabarani. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, mguu mmoja umenyooshwa. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Mwadila," akajibu, kana kwamba Kiswahili changu angekishughulikia baadaye. Kisha, "Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na mkebe."

Aliutambua kabla hajanitambua mimi vizuri. Akakipapasa kifuniko, akaelezea kitu ambacho mama hakuwahi kunisimulia. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, familia iliambiwa ivunje nyumba na kuhamia ilipo sasa. Vitu vingi vilinyeshewa kwenye mkokoteni. Mkebe ulisalimika kwa sababu babu aliuzika ndani ya kihenge, katikati ya mbegu za mtama, na kihenge cha mbegu ndicho kitu ambacho hakuna mtu angekubali kukiacha kinyeshewe.

Nikampa nakala ya picha ya tano. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha, akanyamaza. Mjomba akamsomea kilichoandikwa nyuma.

"Ndiyo," akasema. "Ni mama."

"Mama yenu," nikasema.

"Hapana. Mama yetu ni mayu. Huyu ni mama."

Nilimtazama mjomba, naye akacheka mpaka akakohoa. "Wewe umelelewa na Waluguru," akasema. "Kwa Kisukuma mama ni bibi. Anayekuzaa ni mayu."

Mama yangu aliniimbia kwa Kisukuma nilipokuwa mdogo, lakini bibi mzaa mama alikufa kabla sijazaliwa, na sikuwahi kuwa na mtu wa kumwita hivyo. Babu alikuwa ameandika kwa lugha yake. Mimi nikasoma kwa yangu, herufi zilezile nne, na kwa kusoma hivyo nikafuta kizazi kizima. Yule bikizee wa 1957 hakuwa mama wa karani bali bibi yake. Bibi alisema kwamba bikizee huyo alipokufa, miaka michache baada ya picha, alikuwa hawezi tena kutembea na alikuwa akisimulia njaa za kabla ya Wadachi. Ukipiga hesabu, yawezekana kabisa alikuwa mtoto mgongoni wakati Stanley anauandika Mto Simiyu kwenye daftari lake. Na mimi nilikuwa tayari kumkabidhi Bujora na kibandiko cha uongo. Kijana wa Bujora alijua, na akaniacha nikajifunze kwa wenyewe.

Bibi alinitajia jina lake, la baba yake, na kijiji alikotoka kuolewa. Yote nimeyaandika. Hapa siyaweki, kwa sababu familia haikuomba yasomwe na watu wote.

Habari zikaenea, na alasiri palikuwa na watu kumi na zaidi chini ya mwembe. Nilidhani wamefuata picha. Walichotaka ni daftari.

Lazima nieleze daftari hilo ni nini. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wamechoka na mizani ya wafanyabiashara waliokuwa wakiwapunja. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, kisha vyama, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama hivyo, VFCU, chini ya Paul Bomani, ambalo likawa miongoni mwa mashirikisho makubwa ya ushirika barani. Kila chama cha msingi kilikuwa na karani na daftari. La babu lina safu tano: jina, uzito kwa ratili, safi, fifi, shilingi na senti. Safi ni daraja la kwanza. Fifi ni ile iliyochafuka au kuguswa na wadudu, na bei yake iko chini. Mwisho wa mstari ni dole gumba, kwa wino wa zambarau ambao haujapauka hata kidogo.

Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Vikarudishwa kwa sheria ya 1982, lakini makaratasi ya katikati hapo yalipotea hovyo, na kwa kadiri watu wa Dutwa wanavyojua, hakuna daftari jingine la chama chao. Mjomba alisoma majina kwa sauti, polepole, kama anaita mahudhurio shuleni. Mara kwa mara mtu aliitikia: "Huyo ni babu yetu." Mzee mmoja mwenye fimbo aliomba arudiwe. Ratili 214, safi. Ratili 37, fifi. Akaomba aone dole gumba. Akaweka lake pembeni, bila kugusa karatasi, akalinganisha.

Babu yake hana picha. Kaburi lake lilibaki kwenye mahame, shamba la mtu sasa, na jioni alinipeleka kuliona. Hakuna kilichobaki ila mstari wa minyaa iliyokuwa ua wa boma, mirefu kupita nyumba. "Hapa ndipo alipotoa hizo ratili," akasema.

Basi, nani abaki na mkebe? Hapo ndipo tulipochelewa kula. Mjomba hakutaka uende popote. Vitu vikiingia makumbusho, alisema, vinakuwa vya serikali, na ukitaka kuvitazama unalipa kiingilio. Nikamwambia Bujora ni ya Kanisa. Akasema hilo halipunguzi kiingilio. Mke wake akauliza, kwa upole wa mtu anayejua jibu, mchwa wa mwaka jana walikula nini kwenye sanduku la vyeti vya watoto. Mimi nilikuwa upande wa Bujora tangu mwanzo, lakini nilipomwona yule mzee na dole gumba lake nilianza kuyumba. Picha za familia zinaweza kwenda na jina likiandikwa vizuri. Daftari lina wenyewe wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyenipa ruhusa.

Mwishowe tuliandika hati ya zawadi, ukurasa mmoja. Picha na barua za asili ziende Bujora, na jina la mtoaji liwe la familia, si langu. Daftari la asili likae Dutwa mpaka mavuno yajayo, watu waendelee kusoma na kutaja wao ni wa nani, nakala yake iende pamoja na picha. Baada ya hapo familia itaamua upya. Mjomba alitia saini. Bibi akaomba wino, akaweka dole gumba.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuandika majina nyuma ya picha za asili. Kalamu ya wino hupenya, kwa hiyo nilikuwa na penseli laini. Picha inalazwa kifudifudi kwenye kitambaa, mkono haukandamizi, unaandika pembeni. Nilianza na ya tano. Neno la babu nililiacha kama lilivyo, chini yake nikaandika jina kamili la bikizee na: bibi wa karani, yaani mama kwa Kisukuma.

Tulifika picha 22 jua likizama. Bibi alikuwa amechoka, lakini hakutaka kulala kabla ya kumaliza. Ya mwisho ni kijana mwenye suti inayompwaya, amesimama na baiskeli mbele ya pazia la studio lililochorwa minazi, minazi ya pwani ambayo Ntuzu nzima haina hata mmoja. Nyuma hakuna neno. Mjomba akaileta taa.

Bibi aliitazama kwa muda mrefu kuliko zote.

"Baiskeli ni ya kaka yangu," akasema. "Ile kengele nilimnunulia mimi. Mtu simjui."

Nikaandika hivyohivyo.